Mlinibadilishia prosesa, mkaniachia joto

Tabata, Dar es Salaam
18 Februari 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Duka la Kompyuta na Matengenezo,
Kariakoo, Dar es Salaam

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU LAPTOPU KUPATA JOTO KUPITA KIASI BAADA YA KUBADILISHIWA PROSESA DUKANI KWENU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi uliopita nilileta kwenu ThinkPad T440p yangu, mkatoa prosesa (chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta) ya Intel Core i5-4300M na kuweka Core i7-4710MQ. Nililipa shilingi 180,000 za prosesa na 40,000 za ufundi. Risiti ya EFD nilipewa bila kuiomba, kwa hilo nawashukuru. Ninaloandikia ni hali ya mashine tangu itoke mikononi mwenu, na zaidi ya hapo, majibu niliyopewa niliporudi.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, sendofu na kipaimara. Sikuja dukani kwenu kutafuta sifa za i7. Nilikuja kwa sababu kijana wenu wa mauzo aliniambia kwamba kutoka viini viwili (sehemu za prosesa zinazogawana kazi) kwenda vinne, video iliyokuwa inachukua saa nzima kutoka kama faili kamili itatoka kwa nusu yake. Kwenye karatasi hakusema uongo, na ninajua watu wanaotumia prosesa hiyohiyo kwenye T440p bila matatizo. Ndiyo maana nina hakika kasoro iko kwenye ufungaji.

Siku niliyoichukua, jioni, nilianza kutoa video ya sendofu nikiwa nimefungua HWiNFO, programu inayoonyesha joto na mwendo wa prosesa, pembeni ya skrini. Dakika haikuisha. Viini vyote vinne vilisoma nyuzi 100, ambao ndio ukomo uliowekwa na Intel wenyewe kwa prosesa hiyo. Ikifika hapo inaanza kujipunguza ili isiungue. Mwendo wake wa kawaida ni GHz 2.5 na ina uwezo wa kupanda hadi 3.5, lakini yangu iliporomoka hadi karibu 1.4, ikainuka kidogo, ikaporomoka tena, na feni inalia muda wote. Ile video ikatoka kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa kwenye i5. Yaani nimelipa shilingi 220,000 ili kazi ichelewe. Kesho yake mashine ikajizima yenyewe katikati ya kazi, na mwenye harusi alikuwa ananipigia simu kila baada ya swala.

Niliporudi, fundi aliyenipokea hakuifungua. Aliigusa chini kwa kiganja, akasema: "Kaka, hili ni joto la Dar tu, chukua feni ya kuwekea chini." Feni hiyo mnaiuza nyinyi, shilingi 35,000, iko kwenye kabati la kioo hapo hapo kaunta.

Joto la Dar nalijua, nimekulia humu. Chumba ninachofanyia kazi mwezi wa pili hufika nyuzi 31 hata dirisha likiwa wazi. Lakini chumba ni kilekile, meza ni ileile, na mwaka jana mwezi kama huu i5 ilikuwa inafanya kazi hizihizi bila kuvuka nyuzi 80. Kilichobadilika kati ya mwaka jana na mwaka huu ni kimoja, na mmekibadilisha nyinyi. Sasa kama tatizo ni hali ya hewa ya jiji, mwaka jana ilikuwa likizo?

Nikaipeleka kwa fundi mwingine huku Tabata. T440p haina ugumu wa kufungua: ni skrubu mbili chini, kifuniko kinateleza, na prosesa, RAM na feni vyote viko mbele ya macho yako. Fundi alinyanyua ile hitisinki, kipande cha shaba kinacholalia prosesa na kuondoa joto lake, akanyamaza, akaniita niangalie. Pesti ya zamani, ule urojo unaopakwa kati ya prosesa na shaba ili joto lipite, haikufutwa. Ilikuwa imekauka na kupasuka-pasuka kwenye shaba, na juu yake mlikuwa mmepaka pesti mpya kwa wingi mpaka ikamwagika pembeni mwa prosesa. Katikati kabisa, mahali ambapo joto linatoka, palikuwa na doa lisilogusana na kitu. Sababu yake ilionekana mara moja: skrubu moja ya kubana hitisinki ilikuwa imekazwa nusu, upande huo ukawa umenyanyuka. Skrubu hizo hukazwa kwa kupishana pembe, kidogo kidogo, ili shaba ilale sawasawa. Hilo si jambo la siri. Hata mwanafunzi wa chuo cha ufundi cha VETA anafundishwa. Mapezi ya hitisinki, ambayo feni hupuliza hewa katikati yake, yalikuwa yamezibwa na vumbi lililoshikana, maana yake aliyefunga prosesa mpya hakupuliza hata mara moja. Kila kitu nilikipiga picha kabla hakijaguswa.

Fundi huyo alifuta pesti yote kwa spiriti ya isopropili, akasafisha mapezi, akaweka pesti kiasi cha punje ya mchele, akakaza skrubu zote. Alinitoza 25,000. Sasa kazi ileile inafika nyuzi 92, 93, na mwendo haushuki tena hadi 1.4. Haijizimi. Lakini nyuzi 93 kwa kazi ya saa nzima bado ni nyingi, na hapa ndipo lilipo kosa lenu la pili, ambalo kusafisha peke yake hakuwezi kulitibu.

Prosesa yangu ya zamani ilikuwa ya wati 37. Mliyoniuzia ni ya wati 47. Hizo wati 10 za ziada zote ni joto linalotakiwa kutoka kupitia hitisinki ileile ya toleo langu, lisilo na kadi ya picha ya NVIDIA. Toleo lenye NVIDIA lina hitisinki yenye bomba la ziada la kusafirisha joto, na watu wengi wanaopandisha prosesa kwenye T440p hununua hiyo na kubadilisha vyote kwa pamoja. Hakuna aliyenieleza. Ipo pia i7-4712MQ, ina viini vinne vilevile, lakini ni ya wati 37 kama ile ya zamani. Mwendo wake ni mdogo kidogo, lakini kwa mashine yangu ingekaa bila purukushani. Nayo hakuna aliyeitaja. Chaja pia: ninayo ya wati 65, na prosesa ikivuta 47, ukiongeza skrini, diski na feni, hakibaki cha maana cha kujaza betri. Nilidhani betri imekufa. Maswali haya matatu (wati, hitisinki, chaja) ni ya kuulizwa kaunta kabla mteja hajafungua pochi. Mteja anayelipa 40,000 za ufundi analipia pia ujuzi wa kuambiwa hivi. La sivyo angenunua prosesa mtandaoni akaifunga mwenyewe.

Nilipowaletea picha, msimamizi wa zamu aliniambia waranti yenu ya siku 30 imekufa kwa sababu mashine imefunguliwa na fundi wa nje. Hili silikubali. Nilikuja kwenu kwanza, ndani ya waranti, mashine ikiwa haijaguswa na mtu, mkakataa kuifungua na kutaka kuniuzia feni. Mlitaka nisubiri mpaka iungue ndipo niwe na haki? Waranti haiwezi kumfunga mteja asitafute msaada kwingine wakati wenye waranti wamekataa kutoa msaada. Na msisahau kwamba asingeifungua mtu mwingine, nisingejua kabisa kwamba skrubu haikukazwa. Labda hilo ndilo linalowakera zaidi.

Ninachoomba ni hiki. Mnirudishie 40,000 za ufundi, kwa sababu kazi iliyolipiwa haikufanyika inavyotakiwa, pamoja na 25,000 nilizomlipa fundi aliyerekebisha. Kuhusu prosesa, chagueni wenyewe: ama mnibadilishie hiyo 4710MQ kwa 4712MQ bila nyongeza ya fedha, ama mnifungie hitisinki ya toleo lenye NVIDIA kwa gharama yenu. Yoyote kati ya hizo mbili itanitosha. Sitaki kurudishiwa i5 yangu, na sitaki feni ya kuwekea chini, hata ya bure. Mkichagua hitisinki, naomba ifungwe mbele yangu, na tuipime kwa pamoja kwa angalau dakika 20 ikiwa na kazi nzito kabla sijaondoka. Mteja akikaa nayo dakika mbili kwenye ukurasa wa mwanzo wa Windows, hata mashine mbovu inaonekana nzima.

Kuna jambo jingine, si la kwangu. Siku niliyorudi, kwenye benchi lenu palikuwa na T440p nyingine inasubiri kubadilishiwa prosesa, na pembeni yake kuna ileile pesti ya kopo kubwa isiyo na jina. Mwenye mashine hiyo simjui. Tafadhali mpigieni kabla hamjaifunga.

Nimetoa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila majibu ya maandishi, nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani, ambayo chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ndiyo yenye jukumu la kumlinda mlaji, nikiambatanisha nakala ya barua hii na picha zote. Ningependa tumalizane dukani. Kariakoo si mbali, na bado nina RAM nilipanga kuinunua kwenu.

Jina langu na namba ya simu viko kwenye fomu yenu ya kupokelea kazi. Nakala yake nimeibana nyuma.

Wako,
Mteja

Viambatisho: nakala ya risiti ya EFD, nakala ya fomu ya kazi, picha za hitisinki, pesti na mapezi kabla ya kusafishwa, picha za HWiNFO kabla na baada ya marekebisho, risiti ya fundi wa Tabata.