Ua la kando ya Schuylkill

Philadelphia, Septemba

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na kwa watoto. Sisi huku wazima, baridi bado haijaanza kututesa.

Jumamosi nimeona ua, nikakukumbuka wewe na miche yako kitaluni. Nilikwenda bustani ya akina Bartram, kando ya mto Schuylkill. Kuna mti pale unaitwa Franklinia. Ua lake jeupe, linajaza kiganja. Moja lilikuwa limedondoka zimazima. Nilipoliokota, chavua yake ya manjano ikanibaki kidoleni hadi nafika nyumbani.

William Bartram, mtaalamu wa mimea wa hapa, na babake waliukuta mti huo mwaka 1765 kando ya mto Altamaha, Georgia. Mwaka 1773 William akarudi kusini, akatembea karibu miaka minne akikusanya mimea na mbegu. Fedha zilitoka kwa daktari wa London, John Fothergill, na ndiyo miaka hiyohiyo makoloni yakaiasi Uingereza! Julai 1776 tamko la uhuru linatolewa hapa mjini kwao, yeye yuko mbali kusini. Cowkeeper, mkuu wa Waseminole, kabila la wenyeji wa Amerika kule Florida, alimpa jina Puc Puggy, yaani msaka maua. Na kwenye mto St. Johns mamba walimvamia akiwa mtumbwini.

Kuna watakaosema alikimbia vita. Mimi sioni hivyo. Alirudi Januari 1777, na Septemba hiyo babake akafariki. Mbegu za Franklinia alizokusanya William zikapandwa hapa, na mwaka 1781 mti ukachanua. Kule porini mara ya mwisho kuonekana ni 1803. Kila Franklinia unayoiona leo, popote ilipo, asili yake ni bustani hii. Shoga, nilisimama chini ya mti ule machozi yakanilenga.

Lakini simtakasi. Mwaka 1766 babake alimnunulia watumwa wakamlimie mpunga Florida, kilimo chenyewe kikamshinda. Sisi tuliokulia pwani hatuwezi kulipita hilo kimyakimya. Nilikaa kwenye benchi kitambo nikiwawaza wale watu, walioingizwa matopeni kwa ajili ya shamba ambalo halikudumu, nao wasiulizwe neno.

Niandikie upesi. Zile mbegu ulizookota msituni Amani, zimeota?

Wako akupendaye,
Shoga yako