Cheti cha chanjo ya homa ya uti wa mgongo si cha maisha

Mhariri,

Miaka yote nasoma gazeti hili nikinyamaza, lakini ile ripoti yenu ya mahujaji na chanjo imenishinda. Mmeandika kuwa aliyekwisha kuchanjwa ana cheti cha maisha. Hiyo ni homa ya manjano, tangu Julai 2016. Homa ya uti wa mgongo ina hesabu zake.

Chanjo inayotakiwa kwa Hija na Umra ni ya makundi manne ya bakteria wa homa hiyo: A, C, W na Y. Saudi Arabia ilikaza kamba baada ya mlipuko wa kundi W wa 2000 na 2001, maana chanjo ya A na C pekee haigusi W. Chanjo ya konjugeti (sukari ya bakteria iliyounganishwa na protini), cheti miaka 5. Ya polisakaridi (sukari hiyo peke yake), miaka 3. Aina isipoandikwa, huhesabiwa 3. Na ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika.

Juzi mzee mmoja kaletwa kwenye dirisha letu la chanjo na begi lake la ihramu, ndege ni Alhamisi. Kitabu chake cha njano, yaani cheti cha kimataifa cha chanjo, kina tarehe ya 2019, aina ya chanjo hakuna, namba ya toleo hakuna, muhuri umekaa juu ya sahihi. Wakala kamwambia kitapita! Wakala huyohuyo anashikilia pasipoti miezi, anakusanya pesa mpaka za zamzam, ila kufungua ukurasa mmoja wa kitabu hana nafasi. Kisha watu wanaomba turudishe tarehe nyuma. Kalamu itarudi nyuma, kinga je? Mwaka 2024 wagonjwa walionekana Marekani, Uingereza na Ufaransa baada ya safari za Umra, na wengi wao hawakuwa wamechanjwa. Umra imegeuzwa safari ya kwenda sokoni.

Na sisi wachanjaji tusijifiche. Kuna chanjo inayokuja na vichupa viwili: unga una kundi A, maji yana C, W na Y. Anayevuta maji bila kuyeyusha unga amempa mtu makundi matatu. Iliyoganda kwenye friji nayo itupwe, isiyeyushwe juani.

Dawa yangu: begi la ihramu lifungwe utepe, mkasi akae nao mchanjaji. Dirisha liko wazi saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana. Waje na kitabu, wakala wamwache nje.

Mchanjaji, Tanga