Barua kwa jirani wa kitanda cha juu

Kongwa,
Jumapili jioni

Jirani yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye upepo na vumbi. Mimi mzima. Umeniuliza kwa nini nilikataa uhamisho wa kwenda mjini. Jibu ni Babu, ndivyo watoto wa kitengo chetu cha wasioona wanavyomwita mwalimu wao wa darasa la kwanza.

Kule Patandi, chuoni kwa walimu wa elimu maalumu, wewe ulichukua uziwi, mimi wasioona, nikahitimu nikijiona najua. Babu haoni tangu utotoni, surua ilimpofusha. Alisomea Buigiri, ile shule ya wasioona iliyoanza mwaka 1950. Amebakiza mwaka mmoja astaafu, na bado fimbo yake naisikia ikigonga varanda kabla ya kengele.

Mwaka huu tulipokea binti wa miaka tisa kutoka vijiji vya Mpwapwa. Kwao walimpenda mno, jirani. Walimlisha, wakamvalisha, hawakumpa hata kikombe aoshe. Vidole vyake vilikuwa havijui kazi. Nikataka nimwanzishie herufi, Babu akanizuia. Akamwaga kunde na mbegu za ubuyu kwenye ungo mmoja, akamwambia atenganishe. Wiki tatu! Kunde na ubuyu, kisha kunde na choroko, mwisho mtama na uwele, ambavyo hata mimi mwenye macho vinanisumbua.

Baada ya hapo akakata trei la mayai, akabakiza mashimo sita, matatu kushoto na matatu kulia. Nukta nundu yote, yale maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, imo humo. Jiwe kwenye shimo la kwanza peke yake ni a. La kwanza, la tatu na la nne ni m. Hilo binti alilishika upesi. Kilichomliza ni kibao cha kuandikia nukta hizo, maana ukiandika kwa sindano unatoboa upande wa nyuma wa karatasi, kwa hiyo unaanzia kulia kwenda kushoto na kila herufi umeipindua. Babu alikaa naye mpaka saa kumi na moja jioni, kiganja chake juu ya kiganja cha mtoto, wakitoboa mstari mmoja tu. Sikumsikia akipandisha sauti.

Tena nikuambie na langu. Jioni moja wakati wa prepu nilikuwa nasoma hadithi ya nukta nundu kwa zamu na watoto. Umeme ukakatika, nami nikanyamaza. Mtoto aliyefuata akaendelea pale pale nilipoachia, gizani, bila hata kujua kuna giza. Babu akaniuliza taratibu, "Mwalimu, kumbe husomi kwa vidole?" Kweli, miaka yote nimekuwa nazisoma nukta kwa macho. Tangu siku hiyo ananifundisha kila jioni, na mimi nilianzia kwenye ungo wa kunde. Sasa namaliza mistari miwili bila kupotea. Nitaondokaje, jirani, na mwaka wenyewe ndio huu mmoja?

Sasa ombi. Karatasi nzito zimetuishia, na laini hazifai, nukta zinabonyea mtoto akizipapasa mara mbili. Babu hutumia kalenda za ukutani. Zikusanye, za ofisini kwenu na za kanisani, hata za miaka iliyopita, mpe kondakta wa basi la Dodoma nami nitazifuata stendi. Zivingirishe tu, usizikunje.

Wako,
Jirani wa kitanda cha chini