Tuambieni upepo watoka wapi na maji yako vipi

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lenu nizungumze hili jambo la vimbunga, maana kila ikifika tanga mbili, kaskazi imeisha na kusi haijashika sawasawa, simu zetu huku Likoni zinaanza kulia na mesheji za kutisha na hakuna hata moja inayomwambia mvuvi kile anachotaka kujua.

Nianze mbali kidogo. Dadangu anaishi Tampa kule Florida, Marekani. Oktoba 2024 kimbunga Milton kilipokuwa Ghuba ya Meksiko kinaelekea kwao, sisi huku nyumbani hatukulala. Jumatatu tarehe 7 upepo wake ulifika kilomita 290 kwa saa, daraja la 5, hakuna daraja la juu ya hilo. Lakini kitu kilichonishika mimi si ule upepo, ni vile watu wa kule wanavyopewa habari. Kuna kituo cha taifa cha vimbunga pale Miami, wakati kimbunga kiko njiani kinatoa taarifa kamili kila baada ya masaa 6, kwa saa zinazojulikana, na kwa saa za kwetu ilikuwa inaangukia saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni, saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Basi mamangu, ambaye simu anaijua ya kupiga na kupokea tu, akawa anajua saa za taarifa kama anavyojua saa za swala, akitoka kwa adhuhuri anauliza "imetoka?", ikifika magharibi anauliza tena, mimi namsomea. Katikati hapo hatukusikiliza mtu. Mtu akituma klipu ya nyumba inaruka tunaiacha, tunangoja saa sita.

Na ule mchoro wao nao tulijifunza kuusoma. Ni kama tarumbeta, mwembamba pale kimbunga kilipo sahii na mpana kule mbele siku za mwisho, kwa sababu kadri siku zinavyokuwa mbali ndivyo hesabu inavyopungua uhakika. Siku ya kwanza mama kuona ule mstari wa katikati umepita juu ya Tampa alilia, dada akamwambia kwa simu, mama usiangalie mstari, angalia tarumbeta lote. Maana yake ni kwamba kitovu cha kimbunga kinaweza kupita popote ndani ya hilo tarumbeta, na hata hivyo kwa mara tatu mara moja hivi kinatoka nje yake, tena hiyo ni njia ya kitovu peke yake, upepo na mvua na maji ya bahari vinafika mbali zaidi. Dada yuko zile sehemu zilizoambiwa zitoke, kule wameigawa mitaa kwa herufi na kaunti yao ikasema A na B wote watoke, hakubishana, akafunga mlango akaenda kwa rafiki yake bara.

Usiku wa tarehe 9 Milton ikaingia Siesta Key, kusini ya Tampa. Tofauti ndogo tu kwa ramani, lakini sikilizeni ilichofanya. Vimbunga vya kule huzunguka kinyume cha mshale wa saa, kwa hivyo Tampa ikiwa upande wa kaskazini ya kitovu upepo ulitoka nchi kavu ukayasukuma maji ya ghuba nje mpaka chini kukaonekana, na wale wa upande wa kusini ndio walioletewa bahari mpaka majumbani. Kimbunga kimoja, usiku mmoja, huku maji yatoka na kule yaingia. (Vyetu sisi tulio kusini ya ikweta vinazunguka kama mshale wa saa, kwa hivyo hesabu ya upande gani unaletewa maji lazima ifanywe upya, kulingana na pwani yenyewe inaangalia wapi.) Nililisoma hilo nikamkumbuka ami yangu.

Ami yangu ni nahodha, amevua tangu utotoni, sasa macho yamepungua lakini mashua bado ni yake na diko lote, yaani wavuvi wa pale vyombo vinapofikia, linamsikiliza. Mei 2024 wakati wa kimbunga Hidaya, zilikuwa siku za mwisho za Mfunguo Mosi, tulikuwa tumekaa barazani na ile sauti ya wasapu ikaingia, sijui nani aliirekodi, inasema kilomita 300 kwa saa, inasema saa tisa mchana, inasema na sunami juu. Vijana wakaiweka kwa sauti ya juu wote wakasikia. Ami akauliza maswali matatu. Upepo unatoka wapi? Noti ngapi (ndiyo kasi ya upepo kwa hesabu ya mabaharia)? Na maji siku hizo ni bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) au mafu (maji madogo ya katikati yake)? Hakuna aliyeweza kumjibu hata moja, sauti yenyewe haikusema, na sisi wenye simu kubwa tulikuwa tukiangaliana.

Na nisieleweke vibaya, Idara yetu ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa onyo mapema na onyo lilikuwa sawa, lilitaja upepo mkali na mawimbi ya zaidi ya mita 2, na serikali ikafunga fukwe na kuzuia watu kuingia baharini. Sikosoi kazi yao. Shida ni kwamba pale dikoni kwetu onyo lilifika likiwa limeshapita mikono kumi, namba zimetoka njiani zimebaki hofu tu. Karatasi ya wataalamu inasomwa na watu wa ofisini, sauti ya mwongo inasikizwa na kila mtu.

Jirani yetu mmoja, mama wa watoto wanne, alisikia hiyo sauti akabeba watoto na godoro moja akapanda matatu mpaka Kwale kwa wakwe zake. Kimbunga kikaingia Mafia tarehe 4 Mei, mbali na sisi, kikapungua nguvu. Yeye amerudi siku ya tatu amekuta kufuli imevunjwa na mtungi wa gesi umeenda, na watu wakamcheka kwamba alikimbia upepo wa Tanzania. Basi wiki mbili na nusu baadaye kikaja kimbunga kingine, Ialy. Huyo mama alipoambiwa alisema sitoki tena, na kwa hakika hata dirisha hakulifunga. Hapo ndipo uongo unapoumiza, hauumizi siku ile unaposemwa, unaumiza siku ya onyo la kweli.

Kwa sababu Ialy kwetu ndiyo iliyokuwa na hatari zaidi. Hidaya ilikuja maji yakiwa ndiyo yanatoka kwenye mafu, mwezi mwandamo ulikuwa bado siku nne. Ialy ilipita nje ya pwani yetu kama tarehe 21 na 22, na mwezi ulikuwa unajaa tarehe 23, hiyo ni bamvua, maji yetu hapa Mombasa yakiwa bamvua yanapanda na kushuka karibu mita 4 na kujaa kwake ni alasiri saa kumi hivi. Weka upepo wa bahari juu ya maji hayo. Nani alisema hilo kwa sauti? Mimi sikulisikia popote isipokuwa kwa ami.

Siku mbili kabla alituita akasema leo tunapandisha. Tukaivuta mashua mpaka kwenye mizizi ya mkungu, mashine tukaitoa tukaibeba mpaka nyumbani, nyavu na mafuta juu, halafu yeye mwenyewe kwa mikono yake, kwa kupapasa, akafunga kamba mbili, moja omo, yaani mbele, na moja tezi, nyuma, na kila moja akaiachia pima mbili zilegee. Nikamuuliza kwa nini hukazi. Akasema maji yakifika hapa nataka chombo kielee, ukikaza unakizamisha mwenyewe. Kijana mmoja wa pale jirani alikuwa ameacha hori lake majini pale pale pa siku zote, limefungwa fupi kwa kigingi ili lisiyumbe. Alasiri ile maji yalipanda na mawimbi yanakuja moja nyuma ya moja, hori likataka kuinuka kamba ikalizuia kichwa, likanywa maji, likapigwa ubavu mpaka ubao ukapasuka. Mashua ya ami ilielea ikacheza ikarudi ikakaa palepale kwenye mizizi. Yule kijana mpaka leo anavua kwa chombo cha watu.

Sasa kuna wale wanaosema Mombasa haiguswi na vimbunga, iko karibu na ikweta. Ni kweli nusu. Kimbunga kinahitaji maji ya moto, digrii 26 au 27 na zaidi, na kinahitaji ule mzunguko wa dunia wa kukifanya kizunguke, na karibu na ikweta hiyo nguvu ya mzunguko ni hafifu sana, ndio maana chini ya digrii 5 ni nadra kuviona na sisi Mombasa tuko digrii 4 kusini. Lakini Unguja iko digrii 6, na tarehe 15 Aprili 1872 ilipigwa na kimbunga kikazamisha meli za Sayyid Barghash na kung'oa mikarafuu na minazi, ndio sababu moja Pemba ikaja kuwa ndiyo ya karafuu. Lindi ilipigwa 1952, Aprili pia. Na 2019 Msumbiji, Idai ilipiga Beira mwezi Machi na watu zaidi ya elfu moja wakafa pamoja na wale wa Zimbabwe na Malawi, halafu wiki sita tu baadaye Kenneth ikaingia Cabo Delgado, juu kabisa kaskazini ya Msumbiji ambako watu hawakuwa na kumbukumbu ya kitu kama hicho. Ikweta ni kinga, siikatai, lakini Ialy ilitoka kusini ikapanda mpaka huku kwetu, na bahari haihitaji kitovu kifike Kilindini ndio ikuletee wimbi.

Na tena msiwe na imani ya kwamba daima mtapata siku tano za kujiandaa. Oktoba 2023 kule Acapulco, Meksiko, Otis ilikuwa dhoruba ya kawaida tu ikageuka daraja la 5 ndani ya siku moja, watu wengi walilala wakijua ni upepo na mvua. Ndio maana nasema matayarisho mengine yafanywe kabla ya msimu. Mabati yaongezwe misumari, makuti yakazwe kamba, mitaro ya mbele ya nyumba izibuliwe sisi wenyewe bila kungoja mtu wa kaunti, minazi iliyolala juu ya paa ikatwe. Onyo likitoka ni kujaza madumu ya maji, kuchaji simu na pawabenki kabla stima haijaenda, kutoa pesa taslimu kidogo kwa sababu mtandao ukianguka Mpesa haikusaidii dukani, vyeti vya watoto na vitambulisho kwenye mfuko wa plastiki. Na mkubaliane mtaani nani anambeba bibi yupi, hili watu hulisahau kabisa, huku kwetu kuna wazee watatu hawawezi kutembea na hatukuwa tumelizungumza mpaka mwaka ule wa Hidaya na Ialy.

Mhariri, ombi langu kwenu ni hili. Huku barazani gazeti lenu bado linasomwa, moja linasomwa na watu kumi. Tupeni kisanduku kidogo, ukurasa wowote, kila siku kuanzia Novemba mpaka kusi ishike mwezi wa tano mwisho, maana msimu wenyewe kwa kalenda huisha Aprili lakini Hidaya na Ialy zote zilikuja Mei. Chukueni taarifa ya Idara yenyewe muiandike kwa Kiswahili cha pwani: upepo unatoka wapi, noti ngapi, mawimbi mita ngapi, maji yanajaa saa ngapi, ni bamvua au mafu, na kama kuna kimbunga kimepewa jina mseme kiko wapi leo na taarifa nyingine inatoka saa ngapi. Hiyo ya mwisho ndiyo muhimu zaidi kwangu, kwa sababu mtu akijua habari ya kweli inatoka saa sita ataweza kungoja mpaka saa sita.

Mkiweka na ule mchoro wa tarumbeta mara moja na maelezo yake, mimi nitaukata niubandike pale ofisi ya wavuvi dikoni. Na kama mnaogopa maneno ya kibahari yatawachanganya wasomaji wa bara, tumeni mwandishi aje akae na manahodha asubuhi moja, watamfundisha yote, ami yangu yuko pale kila siku kuanzia saa moja mpaka jua likiwa kali, na amesema nimuandikie kwamba kahawa ipo.

Msomaji wenu,
Likoni, Mombasa