Watoto wa awali watolewe nje wakapime mvua

Ndugu Mhariri,

Mvua za vuli zinakaribia, na huku kwetu Tanga kwa kawaida huanza Oktoba. Naomba nafasi gazetini niwakumbushe walimu wenzangu wa madarasa ya awali kwamba huu ndio wakati wa kuandaa zana za somo la hali ya hewa, na kwamba chati ya ukutani peke yake haitoshi. Chati nyingi zinazouzwa zina majira ya Ulaya: theluji, majani yanayopukutika, mtoto kavaa koti zito. Mtoto wa miaka 5 anaimba "jua, mvua, upepo, mawingu" huku kaupa mlango mgongo, na mawingu yenyewe yako nje.

Tuanze na kipima mvua. Chupa ya maji ya lita moja na nusu inatosha, mradi iwe na ubavu ulionyooka. Yenye kiuno itawadanganya, kwa sababu sentimita moja ya maji penye wembamba si sawa na sentimita moja penye upana. Ikate pale bega linapoishia, toa kizibo, kisha kipindue kile kipande cha juu na kukichomeka ndani kama faneli. Kitapunguza maji kukauka. Makali yafunikwe kwa selotepu.

Kitako cha chupa kina mabonde, kwa hiyo tia maji mpaka ubavu unapoanza kunyooka, halafu piga mstari kwa kalamu ya wino usiofutika. Hapo ndipo sifuri. Wengi wanakosea hapa: wakishasoma kipimo wanamwaga maji yote, kesho yake manyunyu yanaishia kwenye yale mabonde, na watoto wanaambiwa mvua haikunyesha ilhali walilowa wakija shule. Mwaga mpaka kwenye mstari tu. Siku za jua kali maji yakishuka chini ya mstari, yaongezwe kabla mvua haijaja.

Chupa isimame ndani ya ndoo ya mchanga ili upepo usiiangushe, mdomo wake uwe angalau sentimita 30 juu ya ardhi, maana matone yakigonga chini huruka na kuingia ndani. Iwe mbali na paa na miti: kama ukuta una kimo cha mita 3, ndoo ikae mita 6 kutoka hapo.

Kipimo kisomwe saa 3 asubuhi, kama wanavyofanya kwenye vituo vya mvua. Mtoto wa umri huu hasomi milimita, na hana haja nazo. Ashike ukanda wa karatasi kando ya chupa kuanzia kwenye sifuri, akate pale maji yalipofikia, aubandike kwenye manila chini ya siku yake. Baada ya wiki mbili watoto wanaona wenyewe siku ipi ilinyesha zaidi. Siku isiyo na mvua, nafasi ibaki tupu. Nawaomba walimu wasiipambe kwa picha ya jua ili ipendeze; ule utupu nao ni kipimo.

Kuhusu maji kukauka, mwaga kikombe kimoja juani na kingine kivulini, kisha zungushia kila dimbwi mstari wa chaki kila baada ya nusu saa. Lazima iwe juu ya sakafu ya saruji. Mchangani maji huzama, na mtoto atajifunza jambo jingine kabisa.

Kuhusu mvuke wa hewani kugeuka maji, jaribio la maji ya moto na barafu kwenye chupa ya jamu mimi silipendi: kioo hupasuka, na maji ya moto hayafai karibu na watoto wengi. Leta chupa ya juisi ya rozela iliyotoka kwenye friji. Kwa unyevu wa pwani italowa nje ndani ya dakika chache, na watoto watasema inavuja. Ipanguse kwa kitambaa cheupe. Kitambaa hakishiki wekundu, basi maji yale hayakutoka ndani.

Kwa upepo, kata utepe wa khanga, upana sentimita 2 na urefu 40, uufunge kwenye ufito uwanjani. Kitambaa kizito hakiinuki. Watoto huonyesha kule utepe unakoelekea, wakati upepo hutajwa kwa kule unakotoka. Wageuze wauelekee mpaka wausikie usoni, ndipo uulize: unatoka baharini au bara?

Darasa la watoto 60 halitoki lote kwa pamoja. Watoke wanane wanane, wengine wabaki kwenye kona za ujifunzaji. Na ngurumo ikisikika, wote waingie darasani, wasikimbilie chini ya mwembe, hata kama kipimo cha siku hiyo hakijasomwa.

Mwalimu wa darasa la awali,
Tanga