Kabla Hujapanda Jaribio Lako

Mwanangu mpendwa,

Habari kwamba umepata nafasi ya kusomea uzamili wa sayansi ya mazao mama yako ameisoma kwa sauti mara tatu. Hongera sana.

Umeniuliza uchague chuo gani. Mimi ningeanza na msimamizi. Waulize wanafunzi wake wa sasa, si yeye: rasimu hukaa mezani kwake muda gani? Shambani huja, au hutuma salamu tu? Fedha za mbolea, vibarua na kupima udongo zipo, au bado zinaombwa? Mwenzako wa maabara akikosea hurudia wiki ijayo. Wewe ukichelewa kupanda, unangoja mvua nyingine.

Mimi nilipoteza mwaka mzima, na sikuchelewa hata siku moja. Nilikuwa na viwango vinne vya naitrojeni kwenye mahindi, ploti (vipande vidogo vya shamba) zimepimwa kwa kamba, zimenyooka utadhani mistari ya daftari. Ili nisichanganyikiwe, nilivipanga kwa mfuatano: sifuri juu, kiwango kikubwa chini, na kila rudio, yaani kila seti ya viwango vyote vinne, hivyo hivyo. Shamba lilikuwa na mteremko. Mahindi ya chini yalistawi ajabu, nikafurahi, nikapima, nikapeleka hesabu zangu kwa mtakwimu. Akaniuliza swali moja: "Hii ni mbolea au ni bonde?" Sikuwa na jibu, na sikuwa na namna ya kulipata.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba dawa yake ilijulikana zamani. Mtakwimu Ronald Fisher, aliyeanza kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919, ndiye aliyetufundisha kugawa shamba katika bloku, yaani sehemu zenye udongo unaofanana, kisha kupiga kura ndani ya kila bloku kiwango kipi kiwekwe wapi. Kwenye mteremko, bloku hukata mteremko, hazishuki nao. Nilikuwa nimelijibia hilo mtihani na kufaulu! (Huko Rothamsted jaribio la ngano la mwaka 1843 linaendelea hadi leo, kwa hiyo usilalamike kwamba misimu miwili ni mingi.)

Basi mtakwimu mwone kabla ya kupanda, na mistari ya pembeni ya kila ploti usiivune pamoja na ile unayoichukulia data.

Ukionyeshwa shamba, nichoree ramani yake unitumie kabla hujapiga vigingi. Weka mshale unaonionyesha maji yanatiririkia wapi.

Baba yako