Nyumba za kale za Moshi zilindwe bila kumtwisha mzigo mwenye nyumba peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwa sisi wenye nyumba za zamani katikati ya mji wa Moshi limekuwa zito mno, yaani namna ya kuzilinda nyumba hizi bila kumfunga mikono mwenye mali, na bila kumwingiza hasarani mwekezaji aliyenunua kiwanja kwa nia njema.

Familia yetu inamiliki nyumba moja ya aina hiyo, si mbali na stesheni ya reli. Marehemu baba aliinunua kwa mfanyabiashara wa Kihindi miaka michache kabla ya Uhuru, kwa fedha za kahawa. Juu ya mlango wa mbele zipo tarakimu za saruji, 1934, na chini yake baraza pana ambapo fundi cherehani mmoja amekaa na mashine yake kwa zaidi ya miaka ishirini. Ndani, kwenye boriti ya kati, bado ipo kulabu ya chuma ya kutundikia mizani ya maharage. Mimi na ndugu zangu tulipimwa uzito pale tukiwa wadogo, tumekalishwa ndani ya gunia. Leo mabati yanavuja, mchwa wameingia kwenye fremu za madirisha, na kodi ya wapangaji wetu watatu haitoshi kubadilisha paa.

Mwaka jana alijitokeza mnunuzi anayetaka kujenga jengo la ghorofa sita, fremu za biashara chini na vyumba vya wageni juu. Kabla ya kumjibu, niliona ni busara kwenda katika ofisi ya umma inayohusika kuuliza kama nyumba ile ina kizuizi chochote. Nilijibiwa kwa mdomo kwamba nyumba ni ya kihistoria na tusiiguse kwanza. Nikaomba jibu hilo niandikiwe. Imepita miezi saba na bado sijapata hata mstari mmoja. Katika muda huohuo, kiwanja cha pili kutoka kwetu, chenye nyumba ya umri uleule, kilizungushiwa mabati siku ya Ijumaa, na kufika Jumatatu asubuhi palikuwa pamebaki kifusi. Simlaumu jirani yule, kwa kuwa huenda alikuwa na kibali chake. Kinachoniuma ni kwamba mimi niliyeuliza ndiye niliyezuiwa, na wengine mtaani wamekwisha kuchukua funzo la kutouliza.

Nilipojaribu kujua sheria inasemaje, nilishangaa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo ilirekebishwa mwaka 1979, inayapa ulinzi wa moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Sasa Moshi tunayoiona leo imekua kuizunguka reli ya kutoka Tanga, iliyofika hapa mwaka 1911, na Boma la Wajerumani kule Arusha, ambalo sasa ni makumbusho, lilijengwa mwaka 1900. Maana yake ni kwamba katika miji yetu hii miwili hakuna hata jengo moja la mjini linalolindwa kwa umri wake. Ulinzi unaweza kupatikana pale tu Waziri anapolitangaza jengo katika Gazeti la Serikali, na jengo ambalo halijatangazwa linabaki mikononi mwa mwenyewe, ambaye naye anabaki akitegemea maneno ya kuambiwa kaunta.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kutangaza majengo mengi haraka iwezekanavyo. Nami natamani mitaa yetu yenye baraza ibaki, kwa sababu kivuli chake ndicho kinachotupitisha jua la Februari, na mgeni anayelala usiku mmoja tu kabla ya kupanda Kilimanjaro angekuwa na sababu ya kukaa siku mbili. Hata hivyo, wanaodai orodha hawajui hofu iliyopo. Mwaka 1971 ilitungwa Sheria ya Utwaaji wa Majengo, na nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zikatwaliwa na Serikali, zikapita kwa Msajili wa Majumba, na baadaye, mwaka 1990, kwa Shirika la Nyumba la Taifa. Nyumba yetu ilinusurika kwa kuwa ilithaminiwa chini ya kiasi hicho. Baba alizungumzia jambo hilo mpaka siku zake za mwisho, na wazee wengi wa mji huu, Waafrika kwa Waasia, wanalikumbuka kama la jana. Mtu mwenye kumbukumbu hiyo akisikia kwamba maofisa wanapita kuorodhesha nyumba, atakachofanya ni kumwita mwenye katapila usiku ule ule. Orodha inayokuja bila ahadi yoyote kwa mwenye nyumba itaharakisha kubomoa.

Ibara ya 24 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kumiliki mali, na inakataza kumnyang'anya mali yake bila sheria inayoweka fidia inayostahili. Ni kweli kwamba anayezuiwa kujenga hajanyang'anywa nyumba; hati inabaki na jina lake. Lakini kiwanja ambacho kingebeba ghorofa sita kikabaki na nyumba ya chini inayovuja kimepungukiwa thamani, na upungufu huo anaubeba mtu mmoja kwa faida ya mji mzima. Makumbusho ya Azimio pale Kaloleni, Arusha, yaliyofunguliwa mwaka 1977 katika jengo ambamo viongozi wa TANU walikutana Januari 1967, husifiwa kama mfano mzuri wa kuhifadhi, na sifa hiyo inastahili. Lakini lile ni jengo la umma, sawa na Boma, na hakuna mjane wala yatima aliyeambiwa agharimie paa lake.

Hata ulinzi mkubwa wa kisheria hauezeki nyumba. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, una mamlaka yake maalumu ya uhifadhi tangu mwaka 1985, na bado tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la masultani, iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Ikiwa jengo lenye hadhi ile, linalomilikiwa na Serikali, liliweza kufikia hapo, familia ya ndugu sita wanaochangishana kwa simu itafanya nini?

Wengine wanapendekeza tusamehewe kodi ya majengo. Nashukuru kwa wazo hilo, ila tangu mwaka 2021 kodi hiyo inakatwa kidogo kidogo tunaponunua umeme, na msamaha wake hautanunua hata bando moja la mabati. Thamani ya kweli imo katika ruhusa ya kujenga, na hapo ndipo ningeomba wataalamu wetu wa mipango miji waangalie. Jiji la New York, baada ya stesheni yake kubwa ya Penn kuanza kubomolewa mwaka 1963, lilitunga sheria ya kulinda majengo mwaka 1965. Kampuni iliyomiliki stesheni nyingine, Grand Central, ilipokataliwa kujenga mnara juu yake, ilikwenda mahakamani, na mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba kampuni haikuwa imenyang'anywa mali yake, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba nafasi ya kujenga iliyozuiliwa ingeweza kuhamishiwa kwenye viwanja vingine vya jirani. Kwa lugha ya hapa kwetu, kama mpango wa mji unaruhusu ghorofa sita kwenye kiwanja changu, nami nikakubali kubaki na nyumba ya chini, ghorofa nisizojenga ziwe mali ninayoweza kumuuzia mjenzi wa mahali pengine panapostahimili majengo marefu. Mjenzi atapata kimo chake, mimi nitapata fedha za paa, na Halmashauri haitatoa shilingi.

Kwa viwanja virefu kama chetu ipo pia njia rahisi zaidi, ya kuacha ukuta wa mbele, baraza na vyumba vya mwanzo kama vilivyo, na kuruhusu jengo jipya uani. Mnunuzi wetu mwenyewe aliniambia angekubali, mradi aambiwe mapema. Hilo ndilo wawekezaji wengi wanalolilia: kizuizi kiandikwe kwa Msajili wa Hati, ili anayekwenda kukagua kiwanja akione kabla ya kukopa benki, badala ya kusimamishwa msingi ukiwa umekwisha kuchimbwa. Orodha yenyewe iwe fupi, ianze na majengo ya mashirika ya umma, na mwenye nyumba binafsi asikilizwe kabla ya jina lake kuingizwa. Anayeomba jibu apewe kwa maandishi ndani ya siku zinazojulikana, na zikipita bila jibu, ahesabiwe kuwa ameruhusiwa.

Ndugu zangu watapanda kutoka Dar es Salaam na Mwanza mwezi wa Desemba, kama kawaida yetu, na kikao cha familia kitakaa siku ya pili baada ya Krismasi. Watatu kati yetu wanataka kuuza, wawili wanataka kuacha mbele na kujenga nyuma, na mimi, nikiwa msimamizi wa mirathi, nimewaomba wote wanisubiri. Mnunuzi naye amesema hatasubiri zaidi ya hapo. Kama ipo ofisi itakayoweza kuniandikia ndiyo au hapana kabla ya siku hiyo, karatasi hiyo nitaisoma kikaoni, na fundi cherehani ameniomba nimweleze yatakayoamuliwa mapema ili ajue ataipeleka wapi mashine yake.

Msimamizi wa mirathi,
Moshi, Kilimanjaro